Niliingia Sasebo Kinyumenyume

Jumapili usiku, nimerudi Fukuoka

Treni ya Midori itokayo Hakata ina kituko chake. Ikifika stesheni ya Haiki, dakika kama kumi kabla ya mwisho wa safari, inageuza mwendo: kilichokuwa kichwa kinakuwa mkia. Wenyeji hawajisumbui kuzungusha viti. Wanabaki vivyo hivyo na simu zao, na behewa zima linaingia mjini Sasebo kinyumenyume. Mimi mgeni nilishtuka, nikadhani tunarudishwa tulikotoka. Kisha nikaona inanifaa, maana hata jambo lililonipeleka huko liko nyuma, miaka themanini na ushei.

Niko Japani kwa mafunzo ya uendeshaji wa bandari. Nyumbani mimi ni karani pale Kilindini, bandari ya Mombasa, kazi yangu ni kuandika: meli fulani imefunga gati saa ngapi, imeondoka saa ngapi, imebeba nini. Wenzangu wa kozi wikendi hii wamekwenda Nagasaki kutembea. Nilipokata tiketi ya Sasebo peke yangu mwalimu aliniuliza kuna nini huko, nikamjibu nataka kuona manowari. Sikumdanganya, ila nilimpa nusu ya jibu.

Nusu ya pili ni kakake nyanya. Alichukuliwa jeshini wakati wa vita vya Hitler, akawa askari wa mizinga. Nyanya alikuwa msichana mdogo. Kila akimtaja alitumia maneno yaleyale mawili, "Alipanda meli," basi. Hakuwahi kusema amekufa. Matanga hayakukaliwa, maana hakukuwa na maiti wala barua ambayo mtu wa nyumbani aliweza kuisoma. Watu wengine hufariki wakahesabiwa marehemu. Yeye alibaki amepanda meli, mpaka nyanya naye akaenda zake. Nilipoanza kazi bandarini maneno yale yakaanza kunikera kikazi. Meli gani? Ya kwenda wapi? Kwetu meli ikiondoka huandikwa, na inakofika huandikwa pia. Mtu hawezi kupanda meli miaka hamsini.

Iliitwa Khedive Ismail. Iliondoka Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944, moja katika msafara wa meli tano za kuchukua askari kwenda Colombo. Ndani yake mlikuwa na watu 1,511, na 996 kati yao walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Waliobaki ni mabaharia, wanamaji wa Kiingereza, wauguzi. Jumamosi ya tarehe 12, mchana, kusini mwa visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Haikuchukua dakika mbili kuzama. Kuna jambo ambalo sikumwambia hata mama: walikuwepo walionusurika wakielea, nyambizi ikawa imejificha chini yao, na manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiwasindikiza zikaangusha mabomu ya kupasukia ndani ya maji palepale walipokuwa. Waliokufa siku ile ni watu 1,297. Nyambizi nayo ikazamishwa na mabaharia wake karibu mia.

I-27 ilijengwa Sasebo. Ilitoka kwenye karakana ya wanamaji ya hapo Februari 1942.

Basi nilikwenda nikiwa na kinyongo, nisijifanye. Nilitaka kuona mahali lilipotengenezwa lile dude.

Karibu na stesheni kuna boti ya kuzungusha wageni bandarini, mzunguko wa kama saa moja. Mtu wa Mombasa akikaa kwenye boti ile hahitaji kuelezwa kwa nini wanamaji walipachagua. Vilima vimezunguka pande zote, mlango wa kuingilia ni mwembamba, ndani maji yametulia na yana kina. Ni Kilindini kabisa, jina lenyewe si linasema? Zamani palikuwa kijiji cha wavuvi. Mwaka 1889 ikafunguliwa kambi kuu ya wanamaji, na 1902 kijiji kikapandishwa moja kwa moja kikawa mji. Kutoka hapa ndipo Admirali Togo wa Japani alipoondoka na meli zake Februari 1904 kwenda kupigana na Warusi. Manowari za Urusi zilizotumwa kumkabili ilizibidi zije kutoka Ulaya, nyingi zikizunguka Afrika nzima, na miezi ya mwanzo ya 1905 zilikaa zikisubiri Nosy Be, kule Bukini, yaani Madagaska. Hilo nalitaja kwa sababu watu wetu hudhani vita vya Wajapani na Warusi havikupita karibu na sisi.

Bandari yenyewe leo wanagawana wanamaji wa Kijapani, Wamarekani waliokuja 1945 na hawajaondoka, na karakana za meli. Manowari zilijipanga kijivu kwa kijivu. Neno hilo "manowari" wazee wetu walilichukua kwa Waingereza masikioni tu, wakalipa sauti ya kwetu, sasa linasikika kama limezaliwa Lamu. Mtoto mmoja kwenye boti alikuwa akizipungia mkono zote, za huku na za kule, na baharia mmoja akampungia.

Kisha nikaiona kreni.

Niwaombe radhi wasiopenda vyuma. Ni kreni ya umbo la nyundo, yenye nguvu ya kunyanyua tani 250, iliyoagizwa Uingereza na kusimamishwa 1913. Imesimama pale zaidi ya karne. Mimi nashinda chini ya kreni, najua mtu anavyozizoea mpaka anazijua kwa milio yao, na kitu cha kwanza kilichonijia ni hesabu: hii ilikuwepo. Wakati I-27 inaundwa, hii ilikuwa hapahapa, na chini yake walikuwa watu kama mimi. Fundi wa kuchomelea, mpiga rangi, karani mwenye kalamu sikioni. Nimejaribu kuwachukia, sikuweza kuwapata vizuri. Niliwaona wanakimbilia bakuli la wali saa sita. Karani aliandika tarehe ya kuondoka kama mimi ninavyoandika, na wala hakuuliza inakwenda kufanya nini. Mimi je, huuliza? Kontena hupita mbele yangu usiku na mchana zimefungwa lakiri, nami natazama namba tu.

Boti ilipopita upande ule nilisoma Fatiha kimoyomoyo. Muongozaji alikuwa anazungumza kwenye spika, watu wanapiga picha.

Mchana nilikwenda jumba la makumbusho la wanamaji, lile waliloliita Mnara wa Tanga, tanga la chombo. Unapanda lifti mpaka ghorofa ya saba, unatazama bandari kupitia kioo, halafu unateremka ghorofa kwa ghorofa na miaka inateremka nawe. Limepangwa vizuri na kuingia ni bure. Lakini mtu anayetafuta namba moja haoni mengine. Nilipita mbele ya mifano ya meli iliyochongwa kwa ufundi mkubwa kama ninayepita dukani bila pesa. Nilikuwa nimejifunza kuandika ishirini na saba kwa herufi zao, vijistari vichache tu, nikawa natembea huku nazitafuta ukutani. Nilitoka nimechoka macho.

Sasebo ni mji wa hambaga, tusiliruke. Mabaharia wa Kimarekani walileta mapishi yale miaka ya 1950 hivi, na siku hizi ndicho kinachofuatwa na wageni: mkate mkubwa kuliko uso, nyama, yai, saladi, na nyama ya nguruwe juu yake. Nilieleza kwa ishara na kwa simu kwamba nguruwe hapana, na nyama pia tuiache. Yule kijana wa jikoni alinitazama kwa huruma ya kweli. Nikala mkate wa yai na jibini. Mzuri, lakini ni mkate wa yai.

Jumapili asubuhi nilichukua teksi kwenda kisiwa cha Hario. Bei yake sitaiandika hapa, mama husoma. Kwa mbali kabla hujafika unaona minara mitatu ya zege imechomoza juu ya miti, kila mmoja una urefu wa kama mita 136. Ilikamilika 1922, ilikuwa ya redio, ya kuzungumza na meli zilizo mbali. Ukisimama chini yake shingo inauma. Nilimkumbuka mwalimu wetu wa historia aliyetuambia kuhusu shule ya Allidina Visram, pale Mombasa: mwaka 1942, Wajapani walipoishambulia Colombo, Waingereza walihamishia manowari zao Kilindini, na wafumbuzi wao wa siri wakawekwa katika shule ile wategee redio za Kijapani. Hawa wanapaza huku, wale wamebana masikio Mombasa, na katikati bahari yote ile. Tuliosoma mjini tuliichukulia shule ile kuwa ya watoto wenye viatu vizuri, basi.

Mahali penyewe nilipokusudia ni Uragashira, upande mwingine wa kisiwa. Hapa ndipo waliposhukia Wajapani waliorudishwa kutoka Uchina, Manchuria na nchi nyingine walikokuwa wameenea. Baada ya vita walipita hapa watu wapatao 1,390,000. Walinyunyiziwa dawa nyeupe ya chawa, watoto kwa wazee, kisha wakatembea kama kilomita saba kufika kwenye mabweni ya zamani ya wanamaji, na baadaye wakapanda treni stesheni ya Haenosaki kwenda makwao, kama makwao yalikuwepo bado. Sasebo yenyewe ilikuwa imechomwa kwa mabomu usiku mmoja wa Juni 1945, wakafa zaidi ya watu 1,200. Pale palipokuwa na mabweni leo ni bustani kubwa ya starehe iliyojengwa mfano wa mji wa Uholanzi, na vinu vya upepo na tulipu. Nimepapita kwa treni. Sina la kusema.

Kuna jumba dogo la kumbukumbu juu ya kilima. Vitu vyake ni vya watu wa kawaida: mabegi ya mgongoni yaliyoshonwa kwa vitambaa, buli lililobonyea, viatu vya mtoto. Nilikaa humo kuliko nilivyokaa kwenye ghorofa zote saba za jana. Ni daftari la kufika, lile ambalo nyanya hakuwahi kuoneshwa.

Mzee mmoja aliyekuwa akitembea polepole mbele yangu aliniuliza natoka wapi. Kwetu ningempa shikamoo. Pale nikainamisha kichwa. Kenya, nikamwambia. Uso ukamng'aa. Marathoni! Nikakubali marathoni, ingawa mimi ngazi za feri zinanitoa jasho. Tukatoa simu zetu za kutafsiri. Akanieleza kwamba aliletwa hapo na mama yake kutoka Manchuria akiwa na miaka mitatu, kumbukumbu yake ni moja tu: dawa ile nyeupe ilivyomwingia mdomoni. Akauliza mimi nimefuata nini mbali hivi.

Niliandika kwa Kiswahili, polepole, sentensi fupi fupi ili mashine isiniharibie. Kakake nyanya yangu. Meli. Nyambizi I-27. Sasebo. Alisoma, akasoma tena. Akavua kofia. Niliogopa ataniomba msamaha, na sikuwa nimeandaa mahali pa kuuweka. Hakuomba. Alichora 27 kwenye kiganja kwa kidole, akanitazama, nikaitikia. Halafu akaandika swali, simu ikalisoma kwa ile sauti yake ya kike isiyo na roho:

"Alikuwa na miaka mingapi?"

Nilisimama pale kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Najua meli ilichukua dakika ngapi kuzama. Najua idadi ya waliokuwamo, namba ya kikosi, aina ya silaha, mwezi ambao nyambizi ilikamilika. Niliyafukua yote hayo usiku kwa usiku miaka mitatu, na katika miaka hiyo sikuuliza alikuwa na umri gani. Nikamwonesha kwa mikono kwamba sijui. Mzee akavaa kofia, tukashuka pamoja mpaka kituo cha basi, hatukuzungumza tena mpaka basi lake lilipokuja.

Jioni nilimpigia mama kutoka stesheni.

"Mama, yule kakake nyanya. Alipopanda meli alikuwa na miaka mingapi?"

"Miaka nani aliiandika wakati ule? Mamangu akisema alikuwa ndiyo kwanza kanyoa ndevu. Aliazima wembe wa babake, akajikata hapa shavuni, wakamcheka nyumba nzima. Wiki hiyohiyo akachukuliwa." Nikasikia anafunika sufuria. "Umemsomea huko?"

"Nimemsomea Fatiha."

"Msikitini?"

"Botini. Tulikuwa tunapita karibu na kreni."

"Haya," akasema mama. "Na baridi huko imeanza? Ile sweta uliibeba?"