Siku moja maishani mwangu: insha si yangu, ni ya mtoto

Watu wa avenue yetu hapa Katuba, Lubumbashi, wananiita "yule wa kutuma watoto Marekani". Jamani mimi sina viza ya mtu, hata paspoti yangu ilishaisha muda. Kazi yangu ni kukaa na mtoto mmoja mmoja mpaka insha yake ya kuombea chuo ikae sawa, na anayeandika ni yeye.

Saa kumi na moja asubuhi niko macho kwa sababu ndiyo saa kuran, yaani umeme, inarudi, nachaji simu, kompyuta, taa, kila kitu chenye tundu. Saa mbili mpaka saa sita vijana watatu, wote ugonjwa mmoja, wameleta disertasyo, insha ya hoja kama ya ekzameni ya Leta, ule mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, utangulizi na hitimisho lakini "mimi" hakuna. Siwalaumu, shuleni ukiweka "mimi" mwalimu anapiga mstari mwekundu, halafu fomu ya Common App, ile ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi vya Marekani, inakupa maswali 7 uchague moja, maneno 650 basi, na inataka wewe mwenyewe uonekane. Mmoja alikuja na maneno 900, mia mbili za kwanza zinaeleza dunia imekuwa kijiji. Nikamuuliza weye uko wapi hapa? Akanyamaza, tukaanzia hapo.

Bukari (ugali) na samaki tomson kwa mama wa kona, dakika kumi.

Saa nane nangoja msichana wa mwaka wa mwisho wa sekondari, akaingia baba yake, karatasi imekunjwa mkononi, jasho la Oktoba linamtoka. Hajakaa hata.

"Prof, mtoto wangu anaandika eti tunapanga mustari, foleni ya maji, usiku? Wazungu watasema sisi ni watu gani?"

Papa, keti kwanza. Hakuketi. Sasa hiyo insha ndiyo nzuri kuliko zote nilizosoma mwaka huu, naapa. Mtoto anashika kaye, daftari ya foleni ya bomba ya avenue yao tangu ana miaka 13, kila nyumba imefunga kamba ya rangi yake kwenye mkono wa bido, dumu lake la maji, yeye anaandika rangi, hesabu ya bido na saa mtu alifika, na mama wawili wakianza kuvutana nguo anafungua kaye anasoma kwa sauti, ugomvi unaisha. Baba anataka tuweke "tangu utoto wangu nina ndoto ya kuendeleza nchi yangu". Akaongeza, mimi ndiye nalipa, andika weye mwenyewe, weye unajua Kiingereza. Nikamwambia papa nikiandika mimi wataniita mimi chuo. Hakucheka. Alinishikilia saa moja na nusu, mara heshima ya familia, mara shemeji yake aliye Ubelgiji, mara pesa yake nimrudishie, na tarehe 1 Novemba ya wanaoomba mapema imebaki siku nne tu. Mwisho nikamwambia basi kaye ilete uione. Akasema anaijua, iko juu ya friji. Akaondoka bila kuaga.

Baadaye sijui ilikuwa saa ngapi, kuran imekatika, mega za intaneti zimeisha, mtoto wa mwisho nilimsomea kwenye simu yenye asilimia 6, sentensi moja tuliirudia mpaka mbu wakatushinda. Kichwa kinagonga, na mtu akipita anasema weye unakaa tu kivulini.

Niko kitandani simu inaita. Ni papa wa mchana. "Prof, pale kwenye karatasi wameandika kamba yetu nyekundu. Ilikuwa ya kijani, miye ndiye niliifunga. Rekebisha."

Nikamjibu amwambie mtoto, mimi sigusi.