Hinata Miyazawa: video nyingi zinakata mbio zake

Ukitafuta "Hinata" peke yake, simu itakujazia wahusika wa katuni za Kijapani. Andika jina zima la mwanasoka huyu wa timu ya wanawake ya Japani, Hinata Miyazawa, au libandike kwa maandishi ya kwao, 宮澤ひなた, ndipo utaona wanachorusha mashabiki wa Japani wenyewe.

Jina lake lilisambaa ndani ya wiki mbili tu za Kombe la Dunia la Wanawake la 2023. Waliokuwa upande wa jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa walimjua mapema: tarehe 22 Julai, Hamilton, New Zealand, Zambia ilipigwa 5-0, mawili yakiwa yake. Tarehe 31 Uhispania ikala 4-0, mawili yake tena, na Uhispania hiyohiyo ndiyo iliyobeba kombe mwishoni. Bao la tano aliwafunga Norway. Akatwaa Kiatu cha Dhahabu cha mfungaji bora, na Septemba akasajiliwa Manchester United.

Sasa angalia bao lake la kwanza dhidi ya Uhispania, dakika ya 12. Mwenzake Jun Endo anainua kichwa upande wa kushoto, na Miyazawa, akitokea kulia, ameshaanza kukimbia kabla mpira haujatoka mguuni mwa Endo. Beki anatazama mpira. Yeye anapita nyuma ya beki. Shuti lenyewe ni jepesi. Uzuri wote uko katika zile sekunde nne au tano za mwanzo, na ndizo zinazokatwa na watu wanaotaka video fupi. Inabaki mtu anafunga tu, kama wengine wote.

Kosa la pili ni la vipimo. Picha ya kulala ina pikseli 1920 kwa 1080. Ukiikata isimame, 9 kwa 16, unabaki na upana wa pikseli 607 hivi, chini ya theluthi moja. Mpigaji pasi na mkimbiaji hawaenei humo pamoja. Afadhali uiache picha ilale katikati ya fremu iliyosimama, na nafasi ya juu uandike jina la aliyetoa pasi. Usipofanya hivyo, Endo anapotea.

Haya yanatuhusu sana hapa Lubumbashi. Wasichana wa TP Mazembe walichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika Novemba 2024 kwa kuwafunga AS FAR ya Morocco 1-0, na wanastahili video nzuri kuliko mabao yaliyokatwa kichwa. Ukienda kuwapiga video, panda juu jukwaani, karibu na mstari wa kati; ukikaa chini, mabeki wanamficha mkimbiaji. Shika simu ikilala, usivute karibu, maana kuvuta kwa kidole kunaharibu picha na kunamtoa mkimbiaji nje ya fremu. Weka ubora wa 1080p, fremu 60 kwa sekunde ukitaka kupunguza kasi baadaye; fremu 30 zikipunguzwa kasi zinarukaruka. Acha nafasi ya gigabaiti kadhaa, na uanze video mpya kila dakika kumi, faili moja likiharibika usipoteze kipindi kizima.

Video za FIFA usizirushe upya, zinafungwa kwa haki miliki. Wachezaji walio chini ya miaka 18, omba ruhusa ya wazazi kwanza. Na ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti: ukituma kama video ya kawaida inabanwa, na namba ya mgongoni haisomeki tena.