Tulivyomtoa mwenyekiti wa kijiji, mara ya pili

Mara ya kwanza tulimtoa kwa kelele. Ilikuwa mwaka 2017, mkutano mkuu chini ya mwembe pale ofisi ya kijiji, huku kwetu Morogoro. Hoja ilikuwa malisho ya ng'ambo ya mto, ambayo mwenyekiti alimkatia mgeni mmoja bila kutuuliza. Watu wakasimama, akina mama wakapiga vigelegele, kijana mmoja akapaza sauti: "Tumemkataa!" Tukarudi nyumbani tunatamba. Kesho yake nikaenda ofisini kutafuta barua ya utambulisho ya mdogo wangu. Nikamkuta yeye yule, kakaa pale pale, muhuri mkononi. Akanigongea, tena akaniuliza hali ya mama.

Nikaenda kwa mzee mmoja jirani aliyewahi kuwa mtendaji.

"Mwanangu, muhtasari uko wapi?"

Hatukuwa nao. Mkutano ulivunjika Mtendaji hajaandika kitu, na daftari la mahudhurio halikusainiwa.

"Basi hamkumtoa. Mmemzomea."

Ndiye aliyenifungua macho. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaupa mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote waliotimiza miaka 18, mamlaka ya kuchagua halmashauri ya kijiji na kumwondoa mjumbe wake yeyote, hata wote kwa mpigo. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 hairuhusu halmashauri hiyo kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Nikadhani kazi imekwisha.

Nikaandika barua yenye tuhuma kumi na moja. Mzee akachukua kalamu akafuta tisa, ikiwemo ile ya nyumba ndogo. "Huu ni umbea," akasema. Zikabaki mbili: malisho, na mapato na matumizi ambayo hayakuwa yamesomwa mwaka mzima.

Kisha nikanunua kaunta buku na kuanza kuzunguka vitongoji. Wiki tatu. Wale waliopiga kelele zaidi siku ile ndio waliokuwa wagumu kusaini. "Shemeji, mimi niko na nyie, ila jina langu liache." Sikuwalaumu sana, mwenye mtoto anayesubiri barua ya kijiji lazima afikirie mara mbili. Waliotuvusha ni wazee, hasa wanawake. Bibi mmoja alinitaka nimsomee barua yote, nikamsomea mara mbili. Akabonyeza dole gumba kwenye wino, akalipangusa kwenye khanga, akasema: "Andika na la marehemu mume wangu, naye alichunga pale." Hilo sikuliandika.

Barua ikaenda kwa Mtendaji wa Kijiji, nakala kwa Mtendaji wa Kata na kwa Mkurugenzi. Nakala zetu tukagongesha muhuri wa kupokelewa. Bila ule muhuri, nina hakika barua ingelala kwenye droo hadi leo.

Siku ya mkutano ajenda ilikuwa imebandikwa ubaoni, na Mtendaji wa Kata alikuja mwenyewe. Wajumbe wakamteua mwenzao kuongoza kikao, maana mtuhumiwa hawezi kujisimamia. Mwenyekiti akapewa nafasi ya kujitetea. Alijitetea vizuri kwa kweli, karibu nusu saa, na nikaona vichwa vinaanza kutikisika kumkubali. Kijana wetu wa safari ile akataka kuanza kuzomea, nikamvuta shati akae.

Hatukupiga kura ya mikono. Wanaomtaka wakapanga mstari upande wa mwembe, wasiomtaka upande wa ghala, tukahesabiwa mmoja mmoja, na Mtendaji akawa anaandika. Mstari wetu ulipita ghala ukafika barabarani. Muhtasari ukasomwa kwa sauti, ukasainiwa pale pale.

Siku tatu baadaye mkewe akauleta muhuri ofisini, umefungwa kwenye gazeti. Yeye bado anapita dukani kwangu kila jioni. Sukari kilo mbili aliyokopa enzi za uongozi hajalipa, nami sijapata ujasiri wa kumdai.