Mapera, jua la asubuhi na simu iliyolala sebuleni

Duka letu la vitenge Kariakoo halina dirisha. Naingia saa mbili asubuhi, natoka saa moja jioni, na mwaka jana mafua hayakunikosa hata mwezi mmoja. Mafua nimeyazoea, kilichonichosha ni ule moyo mzito, mteja akiuliza bei naona kama ananitukana.

Shangazi akaniambia nitafune kitunguu swaumu kibichi, punje mbili kila asubuhi. Nilitafuna siku nne. Mafua hayakushtuka, wateja ndio walioanza kurudi nyuma.

Kilichonifaa ni vitu vya kawaida mno. Nashuka basi la mwendokasi kituo cha Fire, namalizia kwa miguu, jua likiwa usoni kabla halijawa kali. Saa nne, badala ya maandazi matatu, nakula mapera mawili kwa chumvi na pilipili kidogo. Gramu 100 za pera zina vitamini C kama miligramu 228. Chungwa halifiki hata 60! Tangawizi bado nachemsha, lakini kwa raha ya koo tu, sidai inatibu.

Kubwa kuliko yote, simu inalala sebuleni. Wiki ya kwanza nilikuwa nashtuka usiku kuitafuta kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Sasa saa nne usiku taa imeshazimwa.

Mafua bado hunipata, mara ya mwisho Juni. Juzi nilijikuta naimba huku nakunja vitenge, mwenzangu akauliza kama nimepata mchumba.