PS5 au PC, nimepiga hesabu ya miaka mitano

Wakuu, mdogo wangu kamaliza chuo anataka mashine ya gemu, akaniuliza kaka nichukue PS5 au PC, nikataka kumjibu kwa mazoea kwamba PS5 ndio nafuu halafu nikajishtukia, maana toka ninunue ya kwangu sijawahi kukaa nikajumlisha imenila shilingi ngapi. Jana usiku nimekaa na daftari.

Natumia dola ili hesabu isivurugike. PS5 ya CD ilivyotoka Novemba 2020 ilikuwa 499 kule Marekani. Kucheza onlaini na washkaji gemu ya mpira uliyoinunua lazima uwe na PS Plus, yaani usajili wa kulipia wa Sony, ya mwaka ilikuwa 60, Septemba 2023 wakapandisha mpaka 80. Sasa 80 mara miaka 5 ni 400. Yaani kwa bei hizo, kabla hujanunua gemu hata moja umeshafika 899, na hiyo hela ukiwa nayo mkononi siku ya kwanza unaunga PC nzuri kabisa, na kwenye PC kucheza onlaini kwa kawaida ni bure. Hii kitu imeniuma kwa kweli.

Ila PC nayo inakula, tena kimyakimya. Katikati ya hiyo miaka utabadilisha GPU, ile kadi ya kuchora picha za gemu, mimi nimemwekea 300. Halafu umeme: PC ya gemu nzito inaweza kuvuta wati 400 hivi, PS5 kama 200, ukicheza saa 3 kila siku ni uniti 36 kwa mwezi dhidi ya 18, na LUKU unanunua wewe sio mama.

Upande wa gemu ndio nimekwama muda mrefu. Gemu mpya ya PS5 ni dola 70 lakini CD ukiichoka unauza au unabadilishana na mtu unamwongezea kidogo, mimi gemu nyingi nimezicheza hivyo, wakati ya Steam, duka la mtandaoni la gemu za PC, ukishanunua ni yako mpaka kufa huwezi kumuuzia mtu. Lakini Steam wakishusha bei wanashusha kweli, na Epic, duka lingine kama hilo, wanagawa gemu za bure kila wiki, Mei 2020 walitoa hadi GTA V. Tatizo ni bando tu, gemu kubwa siku hizi GB 100 kitu cha kawaida.

Mimi nacheza mpira na washkaji basi, nabaki na PS5 yangu. Dogo anapenda gemu za stori na anaedit video za harusi, PC itamrudishia hela, nimemwambia achukue PC. Jumamosi tunaenda Kariakoo kuangalia vifaa, GPU ya mtumba sawa ilimradi tuijaribu kwanza maana nyingine zimechoshwa na kuchimba kripto. Pawa saplai tu, ile inayogawa umeme ndani ya PC, ndio asinunue mtumba, hiyo nitamnunulia mimi mpya.