Nilivyojitengenezea usukani wa ndege hapa Lamu

Mtu wa Lamu ukimtajia usukani, anauona ule ubao wa nyuma ya jahazi na kana, ule mti wa kuushikia, iliyochomekwa juu yake. Magari si habari yetu, mjini humu ni punda na miguu. Basi nilipowaambia wenzangu barazani kwamba natengeneza usukani wa ndege, tena wa kuchezea mchezo wa kompyuta, mmoja aliniuliza kama nimelala vizuri.

Mchezo wenyewe ni wa zamani: Star Wars ya Atari, ya mwaka 1983, enzi za yale makabati ya kutumbukiza sarafu. Uko ndani ya chombo cha angani, mbele yako giza tupu na mistari ya rangi inayong'aa, kwa sababu mashine ile ilichora kwa mistari, si kwa vitone kama televisheni. Kabati lake lilikuwa na usukani wenye mishikio miwili. Ukiuzungusha, unakwenda kushoto na kulia. Ukiinamisha mishikio mbele au nyuma, unapanda na kushuka. Vitufe vilikuwa vinne, viwili vya vidole vya shahada na viwili vya gumba. Mimi nilikuwa nikiucheza kwenye laptopu, kwa MAME, programu inayoigiza makabati yale, na kwa kipanya. Inawezekana, kama inavyowezekana kupiga kasia kwa mwiko.

Usukani uliokwisha tengenezwa upo wa kununua. Niliangalia bei, nikajumlisha na nauli ya mzigo mpaka Mokowe na ya boti mpaka huku, nikaachana nao.

Nilianza na umeme kwa sababu ndio nilioudhani mgumu. Kumbe ndio mwepesi. Kila mwelekeo unahitaji kifaa kimoja tu: kile kinachozungushwa kwenye redio kuongeza sauti, ambacho mafundi hukiita voliumu na jina lake rasmi ni potenshiomita. Kina miguu mitatu. Wa pembeni mmoja unautia volti 5, wa pembeni mwingine unaupeleka ardhini, na wa katikati unatoa volti inayopanda na kushuka kadiri unavyozungusha. Kibao cha Arduino kinaisoma volti hiyo na kuigeuza namba, kuanzia 0 hadi 1023.

Kosa la kwanza lilikuwa kununua Arduino Uno. Ni kibao kizuri, lakini chipu yake kuu haiongei na kompyuta moja kwa moja kwa USB, kwa hiyo kompyuta haikioni kama kifaa cha michezo. Unachotaka ni Leonardo au Pro Micro, zenye chipu ya ATmega32U4; hizo ukizitia programu inayofaa na kuzichomeka, kompyuta inakubali kwamba mbele yake kuna kifaa cha kuchezea. Ile Uno sasa inanihesabia maji ya tangi, haikupotea bure.

Kosa la pili lilinila wiki nzima. Voliumu nilizitoa kwenye redio mbovu mbili, nikajiona mjanja. Nikaunganisha, nikawasha mchezo: alama ya kulengea ikisogea upande mmoja inajikokota kama punda aliyebebeshwa matumbawe, upande wa pili inaruka mpaka ukingoni. Nikaifumua programu yangu mstari kwa mstari, nikaandika upya, nikalala na hasira. Asubuhi nikaigeuza voliumu na kusoma mgongo wake: A50K. Hiyo A kwa kawaida inamaanisha imetengenezwa kwa ajili ya sikio, haipandi sawasawa. Inaanza polepole kisha inakimbia, kwa kuwa ndivyo masikio yetu yanavyopima sauti. Nilichohitaji ni B, inayopanda sawa mwanzo hadi mwisho. Nikaagiza B10K mbili kutoka Mombasa. Zilikuja kwa basi, ndani ya bahasha, pamoja na viatu vya shangazi.

Vitufe nilivitoa kwenye vipanya vibovu vya kompyuta. Vile viswichi vidogo vinavyolia "tik" ndani yake havina mfano, na kila nyumba ina kipanya kimoja kilichokufa.

Sasa mbao. Nilikwenda kwa mzee mmoja mchongaji, Langoni, nikamwomba vipande vya mabaki. "Ndoo baada ya alasiri, mwanangu," akaniambia, na nilipokuja alikuwa amenitengea vipande viwili vya mbambakofi, vizuri mno, nikaona haya kuvikataa. Nikachonga mishikio, nikaipiga msasa mpaka ikang'aa. Ilikuwa mizuri kweli. Ilikuwa mizito pia, na uzito wote ulikuwa juu ya ekseli, kwa hiyo nikiiachia tu, mishikio inaangukia mbele na chombo kinapiga mbizi. Nilirudi kwa mzee kichwa chini. Akacheka, akasema mbambakofi ni wa milango, si wa vitu vya kushikwa na watoto, akanipa mwembe. Mwembe ni mwepesi na hauna jina, lakini kwa kazi hii ndio wenyewe.

Ekseli ya kuzungushia nilitumia bolti ya milimita 8 ndani ya beringi mbili za namba 608, zile za viatu vya magurudumu. Ya kuinamishia ni bomba la plastiki la nusu inchi. Kazi ilikuwa kuunga ekseli na voliumu. Ukizifunga ngumu kwa ngumu na zimepishana hata kidogo, voliumu inavutwa upande na kufa mapema. Nilipata dawa kwa fundi wa injini za boti: kipande cha mpira wa petroli, wenye tundu la milimita 6 sawa na shina la voliumu. Upande wa bolti niliuchonga ncha kwa tupa mpaka ukaingia. Mpira unapinda kidogo, unasamehe.

Halafu weka vizuizi vya mbao pande zote. Sikuweka mwanzoni. Mpwa wangu akavuta kwa nguvu zake zote alipokuwa akikimbia risasi, na kilichomsimamisha ni ukingo wa ndani wa voliumu, ambao ulikatika. Moja kati ya zile mbili za Mombasa.

Ukiweka vizuizi, usukani unazunguka kama nyuzi 90 tu, ilhali voliumu ina nyuzi kama 270. Yaani unatumia theluthi moja, namba kama 341 kati ya zile 1023. Usukani wa Atari ulitumia meno ya gia kulitatua hilo. Mimi niliivuta theluthi hiyo ndani ya programu ikajaa pande zote mbili, na jicho langu halioni tofauti.

Kitu kilichonitesa kuliko vyote ni katikati. Usukani ukiuachia lazima urudi pale pale, kila mara. Nilijaribu springi: zina nguvu, lakini zinarusha usukani ukapita katikati, ukarudi, ukapita tena, kama mashua isiyo na shehena. Nilichokuja kutumia ni vipande vya tyubu kuukuu, viwili kila upande, nimevifunga vikiwa vimevutika tayari hata usukani ukiwa umetulia. Siri iko hapo. Vikilegea katikati, usukani unalewa. Vikivutana muda wote, unajua kwao. Mtetemo mdogo wa namba uliobaki niliutuliza kwa kapasita ya nanofaradi 100 kati ya mguu wa kati wa voliumu na ardhi, na ndani ya MAME nikapunguza lile eneo la katikati lisilosikia kitu. Beringi na vichwa vya bolti nimevipaka grisi ya boti, maana chumvi ya hewa yetu haina muhali.

Mgeni wa kwanza kuujaribu alikuwa ami yangu, nahodha mstaafu. Aliketi, akaushika kwa heshima, na kila adui alipotokea kulia yeye alikwenda kushoto. Akagonga kila kitu.

"Usukani wako umefungwa kinyume," akasema.

"Ami, usukani uko sawa. Zungusha kulia uende kulia."

"Tangu lini?"

Nikaelewa. Miaka yote ameshika kana, na kana ukiisukuma kushoto omo, yaani mbele ya chombo, inakwenda kulia. Mikono yake haikuwa na makosa. Usiku ule nikatoboa tundu nyuma ya kasha, nikafunga swichi ndogo ya kuwasha na kuzima, na kwenye programu nikaongeza mstari mmoja: swichi ikiwa juu, toa namba kwenye 1023. Pembeni yake nimeandika kwa kalamu ya wino mzito: KANA. Kesho yake ami alirudi, akaipandisha mwenyewe, na hadi adhana ya magharibi mpwa wangu alikuwa bado anasubiri zamu yake.