Akaja kwa Hofu na Kutetemeka

Somo: Marko 5:25–34

Wapendwa katika Bwana, somo letu la juma hili tumelihubiri mara nyingi kama habari ya imani iliyogusa pindo la vazi, na ni kweli ndivyo lilivyo. Lakini liko jambo ambalo tunalipita upesi. Yule mwanamke aliyeteseka kwa kutokwa na damu miaka 12, akazunguka kwa matabibu wengi na kutumia mali yake yote huku hali ikizidi kuwa mbaya, alipona katika mstari wa 29, na Maandiko yanasema alijua mwilini mwake kwamba amepona. Hofu yake tunaisoma katika mstari wa 33. Mwili umekwisha kupona, chemchemi ya damu imekauka, na bado anatetemeka.

Wengi wetu tunaishi na maumivu yanayofanana na hali hiyo. Sizungumzii ugonjwa wake, kwa sababu Maandiko hayasemi kwamba ulitokana na msongo wa mawazo, na si haki kumtwika hilo. Nazungumzia hofu inayobaki mwilini baada ya jeraha kufunga. Madaktari huyaita maumivu kuwa sugu yanapodumu au kurudiarudia kwa zaidi ya miezi 3, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuainisha magonjwa, ulioanza kutumika mwaka 2022, unatambua kwamba maumivu ya namna hiyo yanaweza kuwa ugonjwa kamili yenyewe, hata pale ambapo hakuna jeraha wala ugonjwa mwingine unaoyaeleza vya kutosha. Kiuno kilichoteguka, shingo iliyokaza, tumbo lililosokota au kichwa kilichouma katika kipindi kigumu cha maisha huweza kuendelea kuuma ilhali nyama na viungo vyenyewe vimekwisha kujirekebisha, kwa sababu ubongo na mishipa ya fahamu vimezoea kukaa macho. Wahenga walikwisha kuliona jambo hili waliposema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Msongo wa mawazo una sehemu yake hapo. Mtu akitishwa, mwili humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, moyo huenda mbio, misuli hukaza na pumzi hufupika, nasi hatuna budi kumshukuru Muumba kwa mpango huo, maana ndio unaotuwezesha kuruka pembeni gari linapotujia. Mpango huo uliwekwa kwa ajili ya dakika chache. Ukiendelea kwa miezi, kwa sababu ya deni lisilolipika, ndoa yenye ugomvi au msiba ambao haukuliliwa, misuli husahau kulegea, usingizi hukatika, na mtu asiyelala vizuri huumia zaidi kesho yake kuliko aliyelala. Kisha huja hofu ya maumivu yenyewe. Anaogopa kuinama, basi anaacha kuinama. Anaacha kutembea, anaacha kuimba kwaya, anaacha kuwatembelea watu. Misuli inadhoofika, upweke unaongezeka, na kila kichomo kidogo kinakuwa ushahidi kwamba mwili unaharibika.

Mwaka 1995 jarida moja la kitabibu la Uingereza liliandika habari za fundi ujenzi mwenye umri wa miaka 29 aliyerukia msumari wa sentimita 15, ukapenya kiatu chake na kutokezea juu. Alikuwa katika maumivu makali hata msumari ukiguswa kidogo tu, ikabidi apewe dawa nzito za kumtuliza kabla ya kuuchomoa. Kiatu kilipovuliwa, ilionekana kwamba msumari ulipita katikati ya vidole vya mguu, na mguu haukuwa na jeraha hata moja. Nawaomba msicheke. Fundi yule hakuigiza wala hakudanganya. Ubongo wake uliona hatari kubwa, ukatoa maumivu yanayolingana na hatari hiyo. Maumivu yasiyo na jeraha yanauma kama mengine yote.

Ndiyo maana huwa nasikia uchungu ninaposikia mgonjwa akiambiwa maneno mawili. La kwanza, mara nyingi hutoka kwa jamaa waliochoka kumsikiliza, ni kwamba hana kitu, ni mawazo yake tu. La pili, na hili kwa aibu yetu hutoka makanisani, ni kwamba angekuwa na imani ya kutosha asingeumwa. Maneno yote mawili humwongezea mgonjwa hofu, na hofu ndiyo kuni za moto ule ule tunaotaka uzime. Anayemkemea mwenye maumivu kwa jina la Yesu ajiulize kwanza kama Yesu wa Marko 5 alimkemea mtu yeyote kwa kutetemeka.

Tazama alichofanya. Alikuwa njiani kwenda nyumbani kwa Yairo, ambaye binti yake alikuwa mahututi, na kwa hesabu za kibinadamu hapakuwa na muda wa kusimama. Mwanamke alikuwa amekwisha kupata alichokuja kukitafuta. Yesu angeweza kuendelea na safari, na hakuna ambaye angemlaumu. Akasimama, akauliza ni nani aliyemgusa, akaendelea kuangalia huku na huku hata wanafunzi wakaona swali lenyewe halina maana katika umati kama ule. Mwanamke akaja, akaanguka mbele yake, akamweleza kweli yote. Hatuambiwi ilichukua muda gani, lakini habari ya miaka 12 haisemwi kwa pumzi moja, na Yairo alikuwa amesimama pale akisubiri. Baada ya kusikia yote ndipo Yesu akamwita binti, akamwambia aende zake kwa amani. Mwili ulipona kwa kugusa. Amani aliipokea baada ya kusikilizwa.

Daudi naye aliijua njia hiyo. Katika Zaburi ya 55 anasema, “Moyo wangu unaumia ndani yangu, na hofu za mauti zimeniangukia,” kisha anataja kutetemeka, kisha anatamani mbawa za njiwa aruke mbali. Kama zaburi ingeishia hapo tungejua tu kwamba mtu huyu anaumwa na anaogopa. Lakini anaendelea mpaka anataja kilicho chini ya yote: aliyemdhuru si adui, ni rafiki yake wa karibu, waliyekuwa wakienda pamoja nyumbani mwa Mungu. Ni baada ya kusema hayo waziwazi anapofika kwenye neno tunalopenda kulinukuu peke yake, “Umtwike Bwana mzigo wako naye atakutegemeza.” Ni vigumu kumtwika Bwana mzigo ambao hatujakubali kuutaja.

Kwa hiyo kweli yote ya kwako ni ipi? Pengine ulianza kuumwa mgongo mwezi uleule uliofiwa, na hukuwahi kuvihusisha vitu hivyo viwili. Pengine ni kazi unayoogopa kuipoteza, au ni chuki uliyoibeba muda mrefu hata umeizoea. Mweleze Mungu kwa sauti, kisha mweleze mtu mmoja mwenye kifua cha kuhifadhi siri, awe mchungaji, mshauri nasaha au rafiki aliyekomaa. Na hapa sina budi kusema wazi: kama unachokiogopa ni mtu anayekupiga au kukutishia, hofu yako ni ya haki, na unachohitaji kwanza ni usalama na msaada wa watu watakaokutoa hapo. Asikudanganye mtu kwamba amani ya Kristo maana yake ni kuvumilia kipigo.

Kuhusu mwili wenyewe, hekima ni kuanza kwa daktari. Maumivu ya kifua, ganzi au udhaifu wa miguu, kushindwa kuzuia haja, homa isiyoelezeka au kupungua uzito bila sababu ni mambo ya kupelekwa hospitali bila kungoja ibada ya maombezi, na dawa ulizoandikiwa usiziache ghafla kwa sababu umeombewa. Ukishachunguzwa ukaambiwa hakuna uharibifu unaoendelea, pokea neno hilo kama habari njema, hata kama kiuno bado kinauma, maana sasa unajua kwamba kuinama hakutakivunja. Wataalamu wa fiziotherapia humrudisha mtu kidogo kidogo katika yale aliyoyakimbia: leo kutembea kwa muda mfupi, juma lijalo muda mrefu kidogo, bila kujilazimisha siku nzuri na bila kujilaza kabisa siku mbaya. Maumivu yakiongezeka kidogo katika zoezi hilo, mara nyingi ni mwili unaozoea, wala si mwili unaoharibika. Kupumua taratibu huku ukikariri Zaburi 56:3, “Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe,” nako ni sehemu ya tiba, kwani pumzi ndefu hutuliza mapigo ya moyo, na neno hutuliza mwenye moyo. Angalia kwamba mtunzi wa zaburi hakungoja hofu iishe ndipo atumaini.

Wapo pia ambao watafanya yote haya na maumivu yatapungua bila kwisha. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, akajibiwa kwamba neema yatosha, na hakuna mahali tunaposoma kwamba mwiba uling'oka. Hata hivyo aliendelea kusafiri, kuandika na kuwapenda watu. Naamini ushindi wa namna hiyo unastahili kushuhudiwa mbele ya kanisa sawasawa na ushuhuda wa aliyepona kabisa, na tungewapa nafasi hiyo, wagonjwa wengi wangeacha kujificha.

Juma hili, basi, usome Zaburi ya 55 yote kwa sauti. Chagua jambo moja dogo uliloliacha kwa kuogopa kuumia, ambalo mtaalamu hajakukataza, ulirudie kwa kiasi. Na wewe usiyeumwa, mtembelee mmoja anayeumwa, umuulize habari yake toka mwanzo, na usimkatize kwa ushauri wala kwa maombi kabla hajamaliza kusimulia.

Bwana Yesu, uliyesimama njiani kumsikiliza aliyetetemeka, tusikilize na sisi. Unaijua mifupa yetu na unayajua yaliyotutisha. Utupe ujasiri wa kusema kweli yote mbele zako, usingizi usiku wa leo, na nguvu za kuchukua hatua moja kesho asubuhi. Amina.